Ugonjwa wa Utumbo Usiokwisha: Dawa Kila Siku, Sala Kila Siku



Mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa ambao watu wengi huona haya kuutaja. Mtu akiumwa kichwa au homa, majirani hujua siku hiyo hiyo na huja kumpa pole. Lakini mtu anayekwenda chooni mara nane kwa siku, na kila akitazama anaona damu, hamwambii mtu. Wengine hunyamaza hata kwa waume au wake zao. Ndiyo maana wagonjwa wa namna hii hutufikia wakiwa wamechelewa, wamekonda, na damu imepungua mwilini.

Yupo mama mmoja wa huku kwetu Usangu, mkulima wa mpunga, aliyesema tunaweza kueleza habari zake ili ziwasaidie wengine. Hatutamtaja jina wala kijiji. Kwa miaka sita alikuwa akiharisha damu na makamasi. Ugonjwa ulikuja, ukatulia miezi miwili au mitatu, kisha ukarudi. Kila uliporudi alipewa dawa ya amiba. Alipata nafuu kidogo, au hakupata kabisa. Aliuza magunia ya mpunga ili apate nauli na dawa, na nyingine za miti shamba. Majirani walinong'ona mambo mawili: wengine walisema ni UKIMWI, wengine walisema amerogwa kwa ajili ya shamba. Alipima virusi vya UKIMWI mara tatu, na mara zote hakuwa navyo. Mwishowe aliacha kwenda Misa, maana hakuweza kukaa saa moja na nusu bila kukimbilia chooni. Wenzake wa jumuiya wakadhani amepoa katika imani.

Hata sisi wauguzi hatuna budi kukiri kosa. Tulimpa dawa ile ile mara nyingi bila kukaa chini na kumwuliza: "Mama, hii ni mara ya ngapi?" Siku swali hilo lilipoulizwa, safari yake ya matibabu ndipo ilipoanza kweli.

UGONJWA HUU NI WA NAMNA GANI?

Mungu ameuwekea mwili walinzi wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine, walinzi hao hukosea, wakaanza kuupiga utumbo wenyewe. Utumbo huvimba, hupata vidonda na hutoa damu. Hili ni jambo la siku nyingi, na mara nyingi ni la maisha yote.

Magonjwa makubwa ya namna hii ni mawili. La kwanza huitwa kolaitisi ya vidonda. Hushika utumbo mpana, likianzia karibu kabisa na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Dalili zake ni kuharisha damu na makamasi, kubanwa na haja mara kwa mara hata usiku, na maumivu ya tumbo. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Huu unaweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa, na huenda kwa kuruka: hapa pagonjwa, pale pazima. Vidonda vyake huchimba ndani. Utumbo unaweza kuwa mwembamba hata chakula kikashindwa kupita, au ukatoboka na kutoa usaha pembeni mwa njia ya haja kubwa.

Magonjwa haya hayaambukizi. Mtu hawezi kuyapata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye, au kutumia choo kimoja. Hayatokani na uchawi, wala si adhabu ya dhambi ya mtu fulani. Katika koo nyingine huonekana zaidi kuliko nyingine. Mara nyingi huanza ujanani, mtu akiwa na nguvu za kazi na za kulea watoto. Kwa hiyo yakimpata mtu mmoja, nyumba nzima huumia.

KWA NINI HUCHELEWA KUTAMBULIKA?

Zamani madaktari waliofanya kazi Afrika ya Mashariki waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida Ulaya yalikuwa nadra sana kwa watu wa vijijini huku. Mmoja wao alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Yeye alifikiri chakula chetu chenye makapi na nyuzinyuzi nyingi kinawalinda watu. Maneno yake yalileta faida kubwa, lakini wengi wetu tuliosomea uuguzi tulibaki na wazo kwamba kolaitisi ni "ugonjwa wa Wazungu". Sasa vipimo vya kamera vipo katika hospitali zetu kubwa za rufaa, na Waafrika wenye ugonjwa huu wanaonekana. Si wengi kama wenye amiba au minyoo, lakini wapo.

Sababu ya pili ni kipimo cha choo. Mara nyingi mgonjwa hurudi na karatasi iliyoandikwa kuwa amiba zimeonekana. Yafaa tujue kwamba ipo amiba isiyo na madhara ambayo kwa darubini inafanana kabisa na ile inayoleta ugonjwa. Kwa hiyo karatasi ile peke yake haitoshi kumaliza swali. Mtu aliyemaliza dawa ya amiba kama alivyoagizwa, na bado anaharisha damu, asipewe tu dozi nyingine na nyingine tena. Atafutiwe sababu.

KWANZA MAGONJWA MENGINE YATAFUTWE

Tusije tukakimbilia upande wa pili, tukadhani kila anayeharisha damu ana kolaitisi. Huku kwetu yapo magonjwa mengine ambayo lazima yatafutwe kwanza, nayo mengi yana dawa ya kuponya kabisa.

Lipo kuhara damu kunakoletwa na vijidudu, ambako huanza ghafla. Ipo amiba ya kweli. Kipo kichocho cha tumbo, ambacho huwapata watu wanaoingia kwenye maji yenye konokono: mifereji, mabwawa na majaruba ya mpunga. Wakulima wa Mbarali wanalijua jambo hili, maana maji hayo ndiyo shamba lao. Kichocho hutibiwa kwa dawa iitwayo prazikwanteli. Ipo kifua kikuu cha utumbo, ambayo hufanana na ugonjwa wa Crohn hata madaktari bingwa hupata shida kuzitenganisha. Yapo maambukizi yanayowapata wenye virusi vya UKIMWI. Na ipo saratani ya utumbo mpana, hasa kama mtu amevuka miaka 40, choo kimebadilika na anakonda bila sababu.

Kuzitenganisha hizi ni jambo la kufa na kupona. Mojawapo ya dawa za kolaitisi ni prednisoloni, ambayo huwatuliza wale walinzi wa mwili. Akipewa mtu mwenye kifua kikuu au amiba ambayo haijatibiwa, ugonjwa ule hupata nafasi ya kusambaa na unaweza kumwua. Kwa sababu hiyo tunawaomba sana: msinunue prednisoloni dukani kwa sababu jirani ilimfaa.

Yule mama alipimwa damu, choo mara tatu, makohozi na virusi vya UKIMWI. Kisha akaandikiwa barua ya rufaa kwenda Mbeya. Huko aliingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, na vipande vidogo vya nyama ya utumbo vikachukuliwa kupimwa. Aliogopa sana kipimo hicho. Aliporudi alituambia kwamba dawa ya kusafisha tumbo siku iliyotangulia ilimsumbua kuliko kipimo chenyewe. Jibu likaja: kolaitisi ya vidonda. Alilia, kisha akasema, "Afadhali sasa lina jina."

DAWA NA KAZI YAKE

Lazima tuseme wazi: kwa sasa hakuna kidonge kinachoondoa ugonjwa huu moja kwa moja. Lakini kutopona si sawa na kukosa tiba. Mwenye kisukari haponi, wala mwenye shinikizo la damu, na bado wanalima, wanalea na kuona wajukuu. Kazi ya dawa ni mbili: kuuzima moto unapowaka, na kuuzuia usiwake tena.

Sulfasalazini ni dawa ya siku nyingi, iliyoanzia Sweden katika kazi ya daktari Nanna Svartz kabla ya mwaka 1945. Hufaa hasa kwa kolaitisi ya vidonda, na humezwa kila siku hata mtu akijisikia mzima. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa lazima aseme kabla ya kupewa. Inaweza kufanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, jambo ambalo si la kuogopa. Inaweza kuleta kichefuchefu, kwa hiyo huanzwa kidogo kidogo. Kwa sababu huzuia mwili kupata asidi ya foliki vizuri, mara nyingi mgonjwa huongezewa vidonge vyake. Wanaume wajue kwamba inaweza kupunguza nguvu ya mbegu kwa muda, na hali hiyo hurudi ya kawaida dawa ikibadilishwa. Mume na mke wanaotafuta mtoto wamweleze daktari, wasiache dawa kimya kimya.

Prednisoloni ni ya kuzima moto. Mwaka 1955 madaktari wa Oxford, Truelove na Witts, walitangaza matokeo ya majaribio yao kuonyesha kwamba kotisoni, ambayo ni ya ukoo huo huo, inawasaidia wagonjwa wa kolaitisi. Lakini si dawa ya kukaa nayo miaka. Huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kupunguza kinga ya mwili. Tena aliyeimeza kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua kama daktari alivyoandika.

Wengine huhitaji dawa nyingine zenye nguvu zaidi, kama azathioprini, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Wengine huhitaji kupasuliwa. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwao kuliko diklofenaki au ibuprofeni, ambazo huweza kuamsha ugonjwa. Mwenye ugonjwa wa Crohn aache sigara kabisa, maana humzidishia.

SIKU ALIPOACHA DAWA

Baada ya miezi minne ya dawa, mama yetu alinenepa. Damu chooni ilikoma. Alirudi kanisani, na siku ya mkesha wa maombi alisimama akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya. Watu walipiga vigelegele. Usiku ule alirudi nyumbani akavifunga vidonge vyake katika kitambaa na kuvitupa chooni. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona kwamba kuendelea kumeza dawa ni kumdharau Mungu aliyemponya.

Mwezi wa tatu aliletwa kwetu kwa pikipiki, ameshikiliwa na kaka yake. Alikuwa amekwenda chooni mara kumi na mbili tangu asubuhi, na kila mara ilikuwa damu. Alikuwa na homa, moyo ulikwenda mbio, na tumbo lilikuwa limejaa na kuuma likiguswa. Alikimbizwa Mbeya. Aliongezewa damu, akapewa dawa kwa njia ya mshipa, na daktari mpasuaji alimtazama kila siku akiwa tayari kuuondoa utumbo mpana wote. Siku ya sita moto ulianza kuzima. Alipona kupasuliwa kwa nafasi ndogo sana.

Aliporudi alikuwa na swali moja, na hakutuuliza sisi. Alimwuliza padre kama alisema uongo mbele ya Altare siku ile ya ushuhuda. Padre alimjibu: "Hukusema uongo. Nafuu ilikuwa ya kweli na ilitoka kwa Mungu. Lakini ilipita katika vile vidonge. Mtu akimshukuru Mungu kwa daraja, halivunji."

Tunalirudia neno hilo kwa kila mgonjwa wetu. Katika Maandiko, kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba daktari amewekwa na Mungu na dawa hutoka ardhini kwa kazi yake Mungu. Na humtaka mgonjwa asali na pia ampe daktari nafasi yake. Yote mawili, si moja. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani anabeba mzigo mzito mbele ya Mungu.

CHAKULA

Hakuna chakula kimoja kinachoponya ugonjwa huu, wala kimoja kinachokatazwa kwa wote. Kila mgonjwa ajichunguze, ikiwezekana aandike katika daftari alichokula na kilichotokea.

Ugonjwa unapowaka, vyakula laini huchukulika vizuri zaidi: uji, wali uliolainika, ndizi za kupika, viazi, mayai, samaki, supu. Maharage, kabichi, mahindi ya kuchoma, pilipili na matunda yenye mbegu nyingi vingoje. Maziwa ya moto huwasumbua wengine. Maziwa mgando mara nyingi huwafaa zaidi. Ugonjwa ukitulia, mtu arudi kwenye chakula cha kawaida cha nyumbani, pamoja na mboga na maharage kadiri tumbo linavyokubali. Asijinyime hadi akakonda. Mwenye ugonjwa wa Crohn aliyeambiwa kuwa utumbo wake umekuwa mwembamba afuate maagizo ya daktari wake juu ya vyakula vyenye nyuzi ngumu.

Anayeharisha sana anywe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Pakiti za dawa ya kuharisha za zahanati ni bora zaidi.

DALILI ZA HATARI

Mgonjwa asingoje kesho, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ikiwa:

1. Anaharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, moyo kwenda mbio au kizunguzungu.
2. Tumbo limevimba, limekuwa gumu, au linauma sana likiguswa.
3. Anatapika na hapati choo wala hewa.
4. Anatokwa na damu nyingi au mabonge ya damu.
5. Macho yamevimba na kuwa mekundu yenye maumivu.

Katika hali hiyo asipewe dawa ya kufunga kuharisha. Utumbo uliowaka ukifungwa, unaweza kutanuka na kupasuka.

Tena, aliyeishi na kolaitisi kwa miaka 8 au zaidi amwulize daktari juu ya kurudia kipimo cha kamera, maana utumbo uliovimba miaka mingi huweza kuzaa saratani. Ikionwa mapema, inatibika.

NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

Mume, usimkemee mkeo kwa kuamka usiku mara nne. Mchimbie choo karibu na nyumba, weka ndoo ya maji na sabuni, na taa. Watoto waelezwe kwa maneno mepesi kwamba mama ana vidonda tumboni na havimwambukizi mtu. Mtoto anayejua hana hofu.

Mwanafunzi mwenye ugonjwa huu aruhusiwe kutoka darasani bila kunyoosha mkono. Mzazi aende kumweleza mwalimu mkuu, achukue na barua ya daktari.

Jumuiya Ndogo Ndogo mnaweza kufanya makubwa kwa kidogo. Wengine walianza kusali Rozari nyumbani kwa mgonjwa ili asilazimike kutembea. Wengine walichanga nauli ya Mbeya kwa zamu. Mama zetu wa WAWATA walipokezana kupalilia jaruba la mama yule alipokuwa amelazwa, naye akavuna kama wenzake. Mwenye uwezo wa kujiunga na bima ya afya ajiunge akiwa bado mzima, na aulize kwanza ni dawa zipi zinazolipiwa, kwa kuwa ugonjwa huu ni wa gharama ya miaka.

Tunaomba jambo moja liachwe kabisa: kumwambia mgonjwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni ndogo. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na hakuondolewa. Alipewa neema ya kuubeba. Nani atasema Paulo hakuwa na imani?

KANISA LINAMPA NINI MGONJWA?

Wagonjwa wengi hawajui haki zao katika Kanisa, kwa hiyo hujitesa bure.

Kwanza, kufunga. Sheria ya kufunga Kwaresima inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Lakini mgonjwa ambaye njaa itamdhuru halazimiki. Atafute toba nyingine: sala, sadaka, au kumsamehe aliyemsengenya. Kumeza dawa pamoja na uji asubuhi ya Ijumaa Kuu si dhambi.

Pili, Komunyo. Saa moja ya kutokula kabla ya kupokea Ekaristi hailazimu kwa wagonjwa na wazee, wala kwa wanaowauguza. Na maji na dawa havivunji mfungo huo kwa mtu yeyote. Asiyeweza kufika kanisani amwambie katekista, ili aletewe Komunyo nyumbani. Anayeweza kufika akae karibu na mlango, na wahudumu wa kanisa wamwachie nafasi hiyo bila maswali.

Tatu, Mpako wa Wagonjwa. Bado wapo wanaokimbia wakiona padre na mafuta, wakidhani ameleta kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza wazi kwamba Sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao. Mwenye ugonjwa mkubwa aweza kuipokea, na kuipokea tena hali yake ikizidi kuwa mbaya, au akipona kisha akaugua tena. Anayekwenda kupasuliwa utumbo asiondoke bila kumwona padre.

Nne, tunao wenzetu waliopita njia hii. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania Septemba 1990, alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 na utumbo wake ukaumia vibaya. Sehemu ya utumbo ilikatwa, naye kwa miezi michache alipata choo kupitia tundu la tumboni, mpaka alipopasuliwa tena mwezi Agosti. Mwaka 1992 alipasuliwa utumbo mpana kuondolewa uvimbe. Mwaka huo huo, kwa barua ya tarehe 13 Mei, aliweka Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo tangu 1993 huadhimishwa kila tarehe 11 Februari, siku ya Bikira Maria wa Lurdi. Naye Papa Fransisko alikatwa sehemu ya utumbo mpana tarehe 4 Julai 2021, na akaendelea kuliongoza Kanisa karibu miaka minne. Ukiona haya kwa sababu ya mfuko wa choo tumboni, kumbuka kwamba mtakatifu aliyetangazwa mwaka 2014 aliwahi kuishi vivyo hivyo.

MWANAMKE WA MIAKA KUMI NA MIWILI

Injili ya Marko, sura ya 5, inatuonyesha mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ilizidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya watu wake alihesabiwa kuwa najisi, kwa hiyo alikuja kwa nyuma, kwa kujificha, akagusa vazi tu. Wagonjwa wetu wa utumbo wanamfahamu mama huyu bila kufundishwa.

Tutazame alichofanya Yesu. Damu ilikuwa imekwisha kukoma. Angeweza kumwacha aende zake kimya. Lakini alisimama, akamtafuta, akamsikiliza mbele ya umati mpaka akasema kweli yote, na akamwita binti. Alimponya damu, kisha akamwondolea haya na kumrudisha kati ya watu. Uponyaji wa kwanza ni kazi ya Mungu, nasi wauguzi na madaktari twasaidia kidogo. Lakini ule wa pili, wa kumsikiliza mtu na kumrudisha kati ya watu, kila familia ya parokia yaweza kuufanya leo.

Mama wa habari hii sasa yuko mwaka wa nne wa dawa. Bado anaugua siku nyingine. Mwaka jana alilazwa mara moja. Huvitunza vidonge vyake katika kopo juu ya meza ya sala, pembeni ya sanamu ya Bikira Maria. Asubuhi hufanya ishara ya Msalaba, humeza, kisha hutoka kwenda jarubani.

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anaharisha damu zaidi ya wiki mbili, au kuharisha kumerudi baada ya dawa, usione haya. Njoo useme. Sisi tumesikia mengi, wala hatucheki.

Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.